Madole Mawili Mlangoni

Mwanga wa adhuhuri hushuka kwa shida katika mitaa myembamba. Hujibana kati ya kuta, hugombana na nguo zilizoanikwa, na ukifika chini huwa umebaki mkanda mmoja tu wa njano. Siku ile mkanda huo uliangukia mwimo wa mlango wa bluu. Vumbi lilicheza ndani yake, likipanda, likishuka, likikataa kutua. Na hapo vumbi lilipokataa kutua, usawa wa nyonga yangu, palikuwa na alama ya dole gumba, nyekundu, mbichi.

Nililijua dole lile, baba. Nililijua kwa kovu lake, ule mstari mwembamba uliolikata katikati tangu siku mfuniko wa kopo la rangi ulipokuteleza, mama akakufunga kitambaa huku akikusema mpaka jioni. Hakuna mwingine katika jiji hili mwenye dole la namna ile. Na wewe tulikuwa tumekwisha kukuzika.

Niligusa. Kidole changu kilitoka na rangi.

*

Ulikuwa mchora mabango, na nusu ya mikahawa ya jiji hili ilivishwa na mkono wako: samaki wanaocheka, sufuria zenye mvuke mweupe, KARIBU zenye herufi nene zilizoshiba. Ulikuwa na sharti moja, na wenye mikahawa walilizoea. Kula kwanza. Hukupanda ngazi kabla ya kuonja. "Siwezi kumwandikia mtu karibu," ulisema, "mahali ambapo tumbo langu halijakaribishwa." Wakacheka, wakakupakulia, ukala polepole ukiutazama ukuta.

Kazi ikiisha, brashi zikiwa safi, ulibonyeza dole gumba lako kwenye mwimo wa mlango, usawa wa nyonga, mahali ambapo macho ya mteja hayafiki. Wao walidhani ni uchafu wa fundi. Sisi watatu nyumbani ndio tuliojua kusoma. Dole lililosimama: ingieni, mle. Dole lililolala: piteni, hata kama njaa inauma. Hivyo ndivyo nilivyolijua jiji nikiwa mdogo, kabla sijajua jina la barabara hata moja. Nilitembea nimeinama kama mtu aliyepoteza kitu.

Na palikuwa na alama ya tatu, ambayo hukuiweka popote. Madole mawili yaliyosimama bega kwa bega, kama watu wawili kwenye benchi moja. Hiyo ilikuwa akiba ya mama.

"Nikipata panapomfaa," ulisema, mwaka nenda mwaka rudi.

Mama hakuwahi kula nje. Alikungoja jikoni, mkono kiunoni, na swali lake lilikuwa moja kila jioni: "Umekula wapi leo?" Ukamweleza. Akabetua mdomo. "Na vitunguu walivikaanga vikawaje?" Ukamweleza tena, na yeye akakupakulia kana kwamba hukula kitu tangu asubuhi. Ukala. Ukaramba kijiko. Nadhani ule ndio ulikuwa wimbo wenu, na mimi niliulalia usingizi utotoni mwangu wote.

Halafu kile kitanda cha hospitali. Ulikuwa umebaki macho na utani. "Nikipata pazuri huko niendako," ulimwambia, "nitakuita tule wote."

Mama alikunyooshea mto. "Utasumbuka sana. Mimi si mtu wa kula popote."

Mlicheka wawili, wewe ukaishia kukohoa kama kawaida yako. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai mkononi, na sikucheka. Neno lile liliniingia likatafuta pa kukaa, likakaa.

*

Tangu tulipokuzika, jiko lilipoa. Nilirudi kutoka kazini nikakuta sufuria zimefunikwa vilevile nilivyoziacha, na mama kwenye kiti chake, ametazama mlango. Nilimpikia mimi, na wewe unajua mapishi yangu. Alikula vijiko vichache vya kunifurahisha, kisha akasukuma sahani taratibu, kwa adabu, kama mgeni.

"Sina hamu, mwanangu."

Muuguzi wa zahanati alimpima, akaniita pembeni. Akasema mama hana ugonjwa wowote isipokuwa kutokula, na kutokula nako kunaua. Alilisema kwa upole, akanishika bega. Nilitoka pale nikiwa na hasira na kila mtu niliyemwona anatafuna.

Nguo za mama zilianza kumning'inia. Pete ilihamia kidole kinene, kisha ikahamia kikombeni. Nilikuwa nampoteza kidogokidogo, mbele ya macho yangu, mezani kwangu.

*

Kazi yangu unaijua: nasoma mita za maji. Nainua kifuniko cha chuma, nafuta kioo kwa kitambaa, naandika, nafunika, nakwenda. Hakuna uchochoro wa jiji hili ambamo sijapiga magoti. Ule mtaa wa mlango wa bluu niliujua, lakini mkahawa ule sikuujua. Ulikuwa umefunguliwa wiki ileile, na bango lake lilikuwa na samaki anayecheka.

Niliingia. Mwenye mkahawa, mwanamke mnene ambaye wateja walimwita Mama Sufuria, aliniwekea wali na maharage yaliyochemka polepole mpaka yakasahau kwamba yalikuwa magumu. Nilikula kama mtu aliyeokolewa. Sijui kama nililia kwanza au nilimaliza kwanza.

"Nani kakuchorea bango?" nilimuuliza.

"Hata sijui, mwanangu. Tumefungua asubuhi tumelikuta. Mwenye nyumba naye anaapa si yeye." Alifuta meza kwa duara kubwa. "Na chakula nilichopika cha kuonja kilipungua sahani moja. Labda paka."

Nilitaka kumwambia kwamba paka huyo anaandika vizuri. Nilimwonyesha dole mlangoni. Alilisugua kwa kidole chake, kikatoka safi, akaniambia hiyo rangi imekauka zamani. Nikagusa mimi. Kidole changu kikatoka chekundu.

Jioni mama aliinua kichwa kabla sijavua viatu. "Unanuka rangi."

Nilikitia kidole mfukoni.

Alinitazama sana. Kisha swali lile, ambalo lilikuwa halijasemwa ndani ya nyumba ile tangu uondoke, likamtoka taratibu: "Umekula wapi leo?"

Nikamweleza, baba. Nikamweleza maharage, wali, mlango, dole na kovu lake. Nilidhani ataanguka. Akauliza, "Chumvi wanaweka mwanzo au mwisho?" Na mezani, nilipokuwa nikimjibu, mkono wake ulivuta sahani yangu, akala. Alikula kile chakula changu kibaya chote, akisikiliza kile kizuri.

*

Basi nikaanza kuwinda. Kila mapumziko ya mchana nilitembea nimeinama, kama nilipokuwa mdogo, nikisoma miimo ya milango.

Na ulinionyesha, baba, sikatai. Ulinionyesha ngazi nyuma ya duka la vitambaa, na juu yake chumba kimoja chenye kikaangio kimoja na bwana mmoja mkali anayekaanga samaki mmoja kwa wakati mmoja, na ole wako umharakishe. Ulinionyesha ua nyuma ya kiwanda cha kuchapa, ambako supu ya mifupa inanywewa kwa kusimama na mashine zinatikisa bakuli mkononi. Ulinionyesha dirisha dogo ukutani ambamo hutoka mikono miwili tu, na mkate wa moto, na siagi inayokimbia kabla hujaing'ata. Jiji nililolipigia magoti miaka yote lilikuwa limeficha haya yote. Nilinenepa. Niliimba nikifunika mita.

Kila mlango ulikuwa na dole. Kila dole lilikuwa limesimama. Kila mwenye mkahawa alisema yaleyale: tumelikuta limechorwa, na chakula kilipungua sahani moja.

Jioni, wimbo wenu. Umekula wapi leo? Na supu waliichuja au waliiacha? Na yeye, dole lake kalisimamisha vipi? Mama alikula huku nikisimulia. Mashavu yakarudi, pete ikarudi kidoleni. Wafanyakazi wenzangu waliniuliza nampa dawa gani.

Nilichelewa kuona mambo mawili. La kwanza, kila mahali nilipokula, kiti kilichonielekea kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, na ukikigusa kilikuwa na joto la mtu aliyeondoka sasa hivi. La pili, milango ilikuwa inasogea. Ulianzia ng'ambo ya jiji, ukavuka reli, ukavuka soko, ukashika barabara ya shule. Ulikuwa unakuja nyumbani.

Kisha nikarudi siku moja nikakuta mama amepiga pasi ile nguo yake ya kutokea, ya kijani, akaitundika nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Siendi," alisema. "Naitwa."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikifanya. Kwa kila kijiko nilichomrudishia, nilimsogeza hatua moja kwako. Nikinyamaza, atakufa kwa njaa mbele yangu. Nikisimulia, atakufuata akiwa ameshiba. Nilikupenda, baba, na usiku ule nilikuogopa kwa mara ya kwanza, na nilikukasirikia vilevile, kwa sababu wewe una watu wengi huko na mimi nina yeye tu.

*

Niliyaona madole mawili mchana wa jua kali, mtaa wa pili kutoka kwetu.

Ni kati ya fundi wa kufuli na fundi wa miavuli. Hapo pana ukuta. Mimi ndiye ninayejua, kwa sababu nimepita hapo tangu nianze kazi, na hapana kifuniko, hapana bomba, hapana mita. Lakini siku ile palikuwa na mlango, umefunguliwa, na ndani palikuwa na meza na mitungi ya maji iliyojaa mpaka mdomoni. Sufuria zilichemka. Niliangalia chini, nikazunguka, nikaangalia tena. Mahali pasipo mita, maji yalitoka wapi?

Na harufu, baba. Vitunguu vilivyokaangwa mpaka pale hasa mama anapotaka, rangi ya kahawia, kabla tu ya uchungu. Mate yalinijaa nikawa siwezi kumeza.

Madole yalisimama kwenye mwimo bega kwa bega, mabichi, yakimeremeta.

Nilitoa kitambaa changu cha kazi nikayafuta. Niliyafuta kwa nguvu, nikitukana, nikilia, mpaka mbao zikabaki tupu. Fundi wa kufuli alisimamisha kazi akanitazama. Nikakisokota kitambaa, nikakitia mfukoni, nikakimbia.

Jioni nilisema nimekula mkate tu, kazi zilikuwa nyingi. Mama hakubisha. Alichukua nguo zangu za kazi akazifua, kama alivyoanza kufanya tangu nguvu zilipomrudia.

Asubuhi nilikuta kitambaa kwenye kamba, kimeoshwa, kimenyooshwa kwa vibanio viwili. Nilitegemea kuona doa. Palikuwa na madole mawili, wima, bega kwa bega, kovu likionekana mpaka nchani. Na nyuma ya kitambaa kile, amevaa nguo ya kijani, alisimama mama.

"Nipeleke," alisema.

"Mama, usiende."

"Mwanangu." Alinifunga kifungo cha shati nilichokuwa nimekisahau. "Mume wangu kanialika chakula. Utaniacha niende peke yangu?"

*

Tulikwenda tumeshikana mikono. Mlango ulikuwa wazi na madole yalikuwa yamerudi mahali pake.

Ndani palikuwa baridi, japo jiko liliwaka. Watu walikaa mezani wameinamia sahani zao, na hapana kijiko kilicholia, hapana aliyeinua uso. Mpishi alisimama ametupa mgongo. Meza yetu ilikuwa na viti vitatu, na kimoja kilikuwa kimevutwa nyuma. Mwanga wa dirishani ulipita juu yake, vumbi likicheza ndani ya mwanga, likizunguka, kana kwamba palikuwa na kitu pale kinacholizuia lisipite.

Hatukuagiza. Sahani ilikuja, moja, samaki na vile vitunguu, na mkate pembeni. Mama alinawa mikono kwa yale maji yasiyo na mita. Niliyasikia yakidondoka chini, na sakafu ikabaki kavu.

Nilimshika mkono wa kushoto kwa mikono yangu yote miwili. Kwa mkono wa kulia, alikula.

Nilimtazama kila tonge, baba. Lile la kwanza alilishusha akafumba macho, akabaki hivyo, na machozi yakamtoka chini ya kope bila kelele. Ndipo nikajua. Umepapata. Miaka yote ile, mabango yote yale, na hatimaye umepapata, na mimi nimekaa hapa nimeshika mkono ambao ulikuwa unaanza kupoa.

Alikula yote. Alipangusa sahani kwa mkate, akaula mkate. Kisha akakaa, akakitazama kile kiti, na usoni mwake palikuwa na haya ya msichana. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilihisi mimi ndiye mgeni pale.

"Mama," nilisema. "Mama, twende nyumbani. Nakuomba."

Hakunigeukia. "Fundi wangu," alikiambia kile kiti, kwa sauti ya jikoni. "Umehangaika. Nimeona."

Vumbi lilisimama.

"Lakini chumvi imezidi."

Alichovya dole gumba lake katika mchuzi uliobaki ukingoni mwa sahani. Aliinuka, akanivuta nami nikainuka, tukapita katikati ya wale watu walioinama, mpaka mlangoni. Akainama kwenye mwimo. Na chini ya madole yako mawili yaliyosimama, akabonyeza lake moja, akalilaza.

"Bado," alisema. "Tafuta tena. Nilikwambia mimi si mtu wa kula popote."

Nyuma yetu, kutoka upande wa jikoni, mtu alicheka. Alicheka kwa muda mrefu, kwa furaha, na akaishia kukohoa.

Sikugeuka. Mama naye hakugeuka, lakini vidole vyake vilipata joto ndani ya vyangu.

*

Kesho yake palikuwa na ukuta, kati ya fundi wa kufuli na fundi wa miavuli, ukuta mtupu, na juu yake alama tatu: mbili zimesimama, moja imelala. Niliinusa ile iliyolala. Ilinuka vitunguu.

Nyumbani, jiko liliwaka. "Afadhali nipike mwenyewe," mama alisema, akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, "kuliko kulishwa chumvi zile." Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikamtazama akikata vitunguu, na nililia, nikasingizia vitunguu.

Nilimuuliza baadaye, tukiosha vyombo. Kweli chumvi ilizidi?

Alisuuza sahani, akaiinua kwenye mwanga. "Ilikuwa sawasawa kabisa," alinong'ona. "Kimya, asisikie." Lakini najua ulisikia, baba.

Sasa tunakula nje wawili, mama na mimi, kila ninapokuwa na mapumziko. Hukukata tamaa, nakusifu kwa hilo. Madole mawili hapa, madole mawili pale: kwenye kibanda cha viazi nyuma ya stendi, kwenye chumba cha chini ambamo mayai hukaangwa na wimbo, kwenye mikahawa yenye mita na mikahawa isiyo nayo. Mama huvaa ile nguo ya kijani. Anakula, anamaliza, anafumba macho, anaramba kijiko. Kisha anatafuta kasoro. Nyama ngumu. Supu haina moyo. Viti vinauma. Anachovya dole katika mchuzi, anakwenda mlangoni, analilaza, na kutoka jikoni mtu anacheka mpaka anakohoa. Jiji zima limejaa ugomvi wenu, usawa wa nyonga, na hakuna anayejua kuusoma isipokuwa mimi.

Jana tulikuwa nyuma ya mlango wa kijani ambao sikuwahi kuuona. Sitasema alikula nini. Nitasema tu kwamba mama hakuzungumza tangu tonge la kwanza, na alipomaliza alikaa muda mrefu sana, mikono mapajani.

Kisha akachovya dole, akaenda mlangoni. Mwanga wa adhuhuri ulikuwa umeshuka kwa shida kati ya kuta, umebaki mkanda mmoja wa njano, na mkanda huo uliangukia mwimo. Mama aliinua dole lake ndani ya mwanga ule, na dole lilikuwa limesimama. Vumbi lilipanda, likashuka, likalizunguka, likangoja. Nami nilingoja. Alilishikilia hivyo, wima, karibu kabisa na mbao.

Halafu akanitazama. Alinitazama mimi, baba, kwa muda, kuanzia viatu vyangu vya kazi mpaka kifungo nilichosahau kukifunga.

"Bado," alisema, akalilaza.

Vumbi likatua mabegani mwetu wote wawili, na tukatembea nyumbani. Lakini nimeona, na najua wewe pia umeona: safari hii dole lilichelewa kulala.